Ziwa Lililofanywa na Watu

Ninyi watoto wa Kilwa mwajua ziwa ni nini. Mwaona mitumbwi ikirudi asubuhi, mwaona kisense wakianikwa juani, na usiku mwasikia mawimbi yakipiga pwani. Ziwa lenu, Mweru, halikufanywa na mtu. Mto Luapula waleta maji kutoka vinamasi vya Bangweulu, maji hujaa katika bonde kubwa, kisha hutoka tena huko Pweto. Kutoka Pweto mto huitwa Luvua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kabla ya babu za babu zetu.

Lakini katika mkoa wetu wa Haut-Katanga liko ziwa lingine, nalo lina mwaka wa kuzaliwa, kama mtoto. Kabla ya mwaka 1930 halikuwako. Mahali pake palikuwa na uwanda wa nyasi na vinamasi, na mto ukipita katikati. Leo wavuvi hutupa nyavu pale, na ndege wa maji huishi pale kwa maelfu. Jina lake ni Ziwa Tshangalele. Watu wengine huliita Ziwa la Lufira.

Basi, na tujifunze namna ziwa lilivyofanywa, kwa nini lilifanywa, na nani walikuja kukaa ndani yake bila kualikwa.

1. Ziwa liko wapi?

Ukisimama Kilwa na kuangalia upande jua linapotua, kuna nchi ya juu ya Kundelungu. Nyuma ya Kundelungu kuna bonde refu. Katika bonde hilo mto Lufira hutiririka kwenda kaskazini. Ziwa Tshangalele liko katika sehemu ya juu ya mto huo, mashariki ya mji wa Likasi. Zamani mji huo uliitwa Jadotville. Jina likabadilishwa mwaka 1966, mwaka ule ule Elisabethville ilipoitwa Lubumbashi.

Kijiji kikubwa cha wavuvi kando ya ziwa ni Kapolowe. Mahali ukuta ulipojengwa ni Mwadingusha.

Ziwa hili ni kubwa kiasi gani? Linapojaa, upana wake wote ni kama kilometa za mraba 400. Mweru lapita kilometa za mraba 5,000. Basi Tshangalele laweza kuingia ndani ya Mweru mara 12. Lakini kwa kazi ya mikono ya watu, ziwa la kilometa za mraba 400 si jambo dogo.

Na maji ya Lufira huenda wapi? Hushuka kaskazini, huingia katika mto Lualaba karibu na Ziwa Kisale. Maji ya Mweru nayo hupita kwa Luvua, huingia katika Lualaba huko Ankoro. Hivi maji ya ziwa lenu na maji ya Tshangalele hukutana njiani, huwa mto mmoja, na huo ndio mto Kongo uendao baharini.

2. Kwa nini palichaguliwa Mwadingusha?

Mtu hajengi ukuta wa kuzuia mto mahali popote. Kwanza hutazama nchi. Mwadingusha ina mambo mawili yasiyopatikana pamoja mara nyingi.

Jambo la kwanza: juu ya Mwadingusha nchi ni tambarare sana. Ukizuia mto katika nchi tambarare, maji hayapandi juu upesi. Huenea upande huu na upande huu, kama maji yaliyomwagwa juu ya meza. Kwa hiyo ukuta usio mrefu sana waweza kuhifadhi maji mengi.

Jambo la pili: hapo Mwadingusha nchi tambarare yakatika ghafula. Mto huanguka chini kwenye korongo la mawe kwa zaidi ya mita 100. Wabelgiji waliyaita maporomoko hayo Cornet, kwa jina la Jules Cornet, mtaalamu wa mawe aliyepita Katanga kati ya mwaka 1891 na 1893. Alikuja katika msafara wa Kapteni Lucien Bia. Bia alikufa njiani mwaka 1892, na Émile Francqui akaongoza mahali pake. Ndiyo sababu kituo cha umeme cha Mwadingusha kiliitwa Francqui, na kingine kilichojengwa baadaye chini yake, huko Koni, kiliitwa Bia. Sasa vituo hivyo huitwa kwa majina ya mahali penyewe, Mwadingusha na Koni.

Angalieni vema: si ukuta uliofanya anguko la maji. Anguko lilikuwako tangu zamani. Ukuta kazi yake ni kuweka akiba. Maana katika Katanga mvua hunyesha kama tangu Novemba hata Aprili, kisha miezi mingi mbingu ni kavu. Mto usio na ukuta una nguvu wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi hudhoofika. Lakini mashine za umeme hutaka maji kila siku. Kwa hiyo watu walifanya kama mama afanyavyo na mahindi: wakati wa mavuno hujaza ghala, wakati wa njaa hutoa kidogo kidogo. Ziwa Tshangalele ni ghala ya maji.

3. Maji yafanyaje umeme?

Nani aliyewataka umeme huu? Ni kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyochimba shaba. Karibu na Likasi, huko Shituru, kilijengwa kiwanda cha kusafisha shaba kwa nguvu ya umeme. Kilianza kazi mwaka 1929. Kiwanda cha namna hiyo hula umeme mchana na usiku. Hivyo Shituru na Mwadingusha ni kama ndugu wawili: mmoja alizaliwa kwa sababu ya mwingine.

Sasa tuone namna maji yanavyozaa umeme. Mmeona baiskeli yenye taa. Karibu na gurudumu pana chombo kidogo kiitwacho dinamo. Gurudumu likizunguka, dinamo nayo huzunguka, na taa huwaka. Baiskeli ikisimama, taa huzimika. Umeme wa Mwadingusha hufanywa kwa njia ile ile, ila dinamo yake ni kubwa kama nyumba, na miguu inayokanyaga baiskeli ni maji.

Maji hutoka ziwani, huingia katika mabomba makubwa ya chuma, na kushuka chini ya korongo. Huko chini hupiga gurudumu la chuma liitwalo turbini. Turbini yazungusha mashine ya kuzaa umeme. Kisha maji hutoka, hurudi mtoni, huenda zake. Hayapungui hata tone moja kwa kazi hiyo. Kilichotumika ni nguvu ya kuanguka tu. Ndiyo maana maji yale yale huzungusha tena mashine za Koni, chini zaidi katika mto ule ule. Kituo cha Koni kilimalizwa yapata mwaka 1950.

Na tufanye hesabu. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Ikiwa kila sekunde mita moja ya ujazo huanguka mita 100, nguvu yake ni karibu kilowati 1,000, kama hatuhesabu ile inayopotea njiani. Kilowati 1,000 zaweza kuwasha taa 10,000, kila taa ya wati 100. Sasa fikirini mto mzima ukianguka!

Mashine za Mwadingusha zilizeeka. Kila chombo huchakaa, hata cha chuma. Zilitengenezwa upya, na mwaka 2021 mashine zote 6 zilikuwa tayari tena, zenye nguvu ya megawati 78. Ni sawa na taa 780,000 za wati 100 zikiwaka pamoja. Umeme huo wapita katika nyaya juu ya nguzo ndefu kwenda kwenye miji na migodi.

Lakini tuseme kweli yote. Nyaya hizo hupita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku havina taa. Mtu akaa chini ya waya wa umeme na kuwasha kibatari. Watoto, jambo hili nanyi mlifikirie. Ninyi mtakaokuwa mafundi kesho, kazi ya kuuteremsha umeme huo mpaka nyumba za watu haijaisha.

4. Ndege walikujaje?

Wajenzi walitaka maji na umeme tu. Hakuna aliyeandika katika hesabu zake: "Hapa tutaweka ndege." Ndege walikuja wenyewe. Kwa nini?

Kumbukeni tuliyosema: nchi ni tambarare, basi maji yameenea sana lakini hayana kina kirefu. Mahali pengi mtu mrefu akisimama majini hawezi kuzama mbali. Katika maji mafupi jua hufika hata chini. Jua likifika chini, majani huota majini. Majani yakiota, wadudu na konokono hupata chakula. Wadudu na konokono wakizidi, samaki huongezeka. Na samaki wakiongezeka, ndege huja. Ni mnyororo mmoja. Ziwa lenye kina kirefu na kingo za mawe halina meza ya chakula kama hiyo.

Tena kuna jambo la pili. Maji ya ziwa hupanda baada ya mvua na kushuka wakati wa kiangazi. Yanaposhuka, huacha tope pana kandokando. Tope hilo limejaa wadudu. Ndege wenye miguu mirefu na midomo mirefu hutembea humo wakichokoa chakula chao.

Jambo la tatu ni matete. Kando ya ziwa kumeota matete, na mimea mingine isimamayo majini. Ndani yake ndege huficha viota vyao, mbali na nyoka na paka wa pori.

Sasa tuwatazame wageni wenyewe, kila mmoja na kazi yake.

Tai wa samaki ana kichwa cheupe na kifua cheupe. Hukaa juu ya mti mkavu, hulia kwa sauti kubwa, kisha hushuka na kunyakua samaki kwa kucha zake bila kulowa mwili.

Mnandi ni mweusi. Yeye huzama kabisa, hufukuza samaki chini ya maji, kisha hutoka na kutanua mabawa yake juani kama mtu anikaye nguo.

Mdiria mwenye madoa meusi na meupe husimama hewani akipiga mabawa, halafu huanguka kama jiwe.

Yangeyange mweupe na ndugu zake wa ukoo wa korongo husimama kimya kama mti. Samaki mdogo asiyejua husogea karibu na ile miguu miembamba, naye hajui tena lililompata.

Yuko ndege mwenye vidole virefu sana. Huyu hutembea juu ya majani ya mayungiyungi yaeleayo majini, wala hazami. Vidole vyake vimegawanya uzito wake, kama vile ubao mpana usivyozama katika tope upesi.

Bata wa mwitu hula majani na mbegu. Mwari hubeba mfuko chini ya mdomo, na mfuko huo ni wavu wake.

Mwaona, hawapigani sana. Mmoja huvua juu, mwingine chini, mwingine pwani, mwingine katika matete. Kila mmoja ana mlango wake wa ghala.

Na wengine ni wasafiri wa mbali. Wakati baridi inapoingia Ulaya, mbayuwayu huondoka huko, huvuka bahari na jangwa la Sahara, hufika hata kwetu Katanga wakati wa mvua. Jioni hukusanyika na kulala katika matete. Ulaya kukipata joto tena hurudi. Mbayuwayu mmoja ana uzito wa kama gramu 20 tu, naye hufanya safari hiyo kila mwaka bila ramani.

5. Ndege mdogo mwenye siri

Kati ya ndege hao wote yuko mmoja ambaye amelipa ziwa hili sifa katika vitabu vya wataalamu. Si mkubwa wala hana sauti ya kuogofya. Ni mnana, ndege afumaye kiota kwa majani. Minana mmeiona: hutundika viota vingi juu ya mti mmoja, na kelele zao ni kama za soko.

Mwaka 1960 mtaalamu wa wanyama kutoka Ubelgiji, jina lake Jean-Claude Ruwet, alikuwa akichunguza ndege na samaki wa Tshangalele. Aliona minana wakifuma viota juu ya mimea isimamayo majini, akachukua mmoja. Dume alikuwa wa manjano, mwenye uso mweusi na kifua chenye rangi ya kahawia nyekundu. Ndege yule akahifadhiwa. Miaka ikapita. Mwaka 1982 wataalamu wawili, Michel Louette na C. W. Benson, walimlinganisha na minana wengine wa Afrika, wakasema: "Huyu si sawa na hao." Wakampa jina katika Kilatini, Ploceus ruweti, kwa heshima ya Ruwet.

Ndege mwenye jina, lakini nani amemwona tena? Kwa muda mrefu hakuna mtaalamu aliyeleta habari zake. Hata mwaka 2009 Louette mwenyewe na Michel Hasson walikwenda ziwani, nao walimkuta. Yuko hai, anafuma viota vyake juu ya maji kama zamani. Miaka 49 ilikuwa imepita tangu Ruwet alipomchukua wa kwanza. Lakini wavuvi walikuwa wakipita chini ya viota vile kila siku! Hivyo mnaona: kitu chaweza kuwa kigeni kwa wenye vitabu, kumbe ni jirani wa mtoto wa mvuvi.

Sasa fikirini swali hili. Ziwa lilizaliwa mwaka 1930. Mnana huyu hajulikani katika nchi nyingine. Makao yake ni ziwa hili na bonde la Lufira. Je, ndege mpya aweza kutokea katika miaka 30? Haiwezekani. Basi kabla ya ziwa alikaa wapi? Yaelekea alikaa katika vinamasi vya mto Lufira, katika matete machache ya zamani. Ukuta ulipojengwa, vinamasi vile vilifunikwa na maji, lakini matete mapya yakaota kwenye kingo za ziwa. Ndege akahama pamoja na matete yake. Leo maisha yake yashikamana na maji yanayozuiwa na watu. Mtu akifungua maji yote, au akichoma na kukata mimea yote ya pwani, mnana huyu hana nchi nyingine ya kukimbilia.

6. Wavuvi na wageni

Samaki walipozidi, watu nao walikuja, kama ndege. Wakajenga kando ya maji. Huvua tilapia, kambale na wengine. Huwauza wabichi, wakavu na wa moshi. Samaki wa Kapolowe huliwa Likasi na Lubumbashi.

Wageni pia hufika. Wengine huja kutazama maji na kupumzika. Wengine hubeba darubini kutazama ndege. Mgeni akifika hununua samaki, hukodi mtumbwi, huuliza kijana amwonyeshe njia. Kijana ajuaye majina ya ndege na mahali wanapolala hupata faida kuliko yule ajuaye kuwatupia mawe tu.

Mwaka 1982 shirika la UNESCO liliiandika nchi ya Lufira katika orodha ya mahali ambapo watu na viumbe vya pori wapaswa kuishi pamoja kwa utaratibu. Katika Kongo yote mahali pa namna hiyo ni patatu tu: Yangambi, Luki na Lufira. Na mwaka 2017 bonde la Lufira liliingizwa pia katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya nchi zenye maji na vinamasi ambazo mataifa yamepatana kuzitunza.

Lakini kuandikwa katika orodha si kutunzwa. Jina lako likiandikwa katika daftari la shule nawe huji darasani, hutajua kusoma.

7. Je, ziwa laweza kufa?

Ndiyo, laweza. Ziwa lililofanywa na watu laweza kufa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni tope. Watu wakikata miti juu ya vilima ili wapate makaa na mashamba, mvua huchukua udongo. Mto huwa mwekundu. Maji ya mto yakifika ziwani hutulia, na udongo huanguka chini. Mwaka huu kidogo, mwaka ujao kidogo. Ziwa lenye kina kirefu lavumilia muda mrefu. Ziwa fupi kama Tshangalele haliwezi. Ghala ikijaa mchanga, mahindi yatawekwa wapi? Basi makaa yanayochomwa mbali na ziwa hupunguza umeme wa mji. Wengi hawalijui jambo hili.

Njia ya pili ni maji machafu ya viwanda na migodi. Mto Panda hupita Likasi, kisha maji yake huingia katika Lufira na kufika ziwani. Tangu miaka mingi umechukua mabaki ya kazi ya shaba. Wataalamu walipopima tope na samaki wa sehemu hizo, walikuta madini kama shaba, kobalti na kadimi kupita kiasi kifaacho. Sumu ya namna hii haina harufu wala haionekani. Samaki aweza kung'aa sokoni nayo imo ndani yake. Angalieni ajabu na huzuni yake: ziwa lilifanywa ili kusafisha shaba, na shaba hiyo hiyo yalirudishia uchafu. Mvuvi hawezi kuliponya jambo hili peke yake. Ni kazi ya wenye viwanda kusafisha maji yao kabla ya kuyaachilia, na ni kazi ya serikali kuwalazimisha.

Matete husaidia hapa pia. Shina na mizizi yake hupunguza mwendo wa maji na kushika tope, kama chujio la chai. Basi achomaye matete kando ya mto huvunja chujio la chakula chake mwenyewe.

Njia ya tatu ni uvuvi usio na kiasi. Katika jambo hili ninyi watu wa Mweru mna somo la kwenu. Waulizeni wazee habari za mpumbu. Samaki huyo alikuwa mwingi ajabu. Mvua zilipokuja, mpumbu walipanda mto Luapula kwa makundi makubwa kutaga mayai. Watu waliwangoja njiani kwa nyavu, hasa kwa sababu ya mayai yao matamu. Miji ya migodi ilitaka chakula, wafanyabiashara walipeleka samaki Elisabethville kutoka Kasenga katika barafu, na nyavu zikaongezeka. Lakini kila mama aliyekamatwa alikufa na maelfu ya watoto tumboni. Ilipofika yapata mwaka 1950, makundi yale makubwa yalikuwa yamekwisha. Watoto wengi wa leo hawajamwona mpumbu hata kwa macho.

Ndiyo maana upande wa Zambia uvuvi hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hata mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Na ndiyo maana chandarua cha mbu si wavu wa samaki. Matundu yake ni madogo hata mtoto wa samaki wa jana hawezi kupita. Avuaye kwa chandarua apata sahani moja leo na kuacha njaa ya mwaka mzima.

8. Kazi ya kila mmoja

Wahenga wamesema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa ukuta wa Mwadingusha maneno haya ni kweli kabisa. Fundi hupita akitazama ufa mdogo, kwa sababu ufa mdogo wazibwa kwa saruji kidogo, lakini ukuta ukivunjika watu wa chini watapotea. Ziwa nalo lina nyufa zake: mti uliokatwa, matete yaliyochomwa, wavu mdogo, maji machafu. Nyufa hizo hazizibwi kwa saruji. Zazibwa na watu.

Mkulima aache miti kwenye kingo za mito, asilime hata majini. Mvuvi atumie wavu wenye matundu makubwa, tena awaache samaki wakati wa kuzaa. Mwenye kiwanda asafishe maji yake. Mkubwa wa serikali apime maji na kuwaambia watu kweli. Na mtoto je? Mtoto ajifunze majina ya ndege na samaki wa kwao, ahesabu viota bila kuvivunja, aandike siku mbayuwayu wanapofika na siku wanapoondoka. Maana mtu hawezi kutunza asichokijua, na mnana wa Lufira alipata jina kwa sababu mtu mmoja alitazama vizuri ndege ambaye wengine walimpita.

Maswali

1. Taja tofauti mbili kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tshangalele.
2. Kwa nini ukuta ulijengwa Mwadingusha, wala si katikati ya uwanda?
3. Maji yakiisha kuzungusha mashine za Mwadingusha, kwa nini yaweza kufanya kazi tena huko Koni?
4. Eleza kwa nini maji mafupi yana ndege wengi kuliko maji yenye kina.
5. Mnana wa Lufira alikaa wapi kabla ya mwaka 1930? Twajuaje?
6. Mtu achomaye makaa mbali na ziwa apunguzaje umeme wa mji?
7. Mwulize mzee mmoja wa Kilwa habari za mpumbu, kisha uandike mistari 10 katika daftari lako.